Mjinga wa Geti la Shekiondo

Sogeeni huku, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Kulikuwa na kijana wa Muheza, Mhina, mwenye digrii mbili na suruali moja. Akasikia tajiri Shekiondo anatafuta mlinzi wa geti, akaenda.

Shekiondo alivitazama vyeti akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Umesoma mno, mwanangu. Utanikimbia kabla mwezi haujaisha. Mie nataka mjinga, asiyejua lolote."

"Nina njaa, mzee. Nikimbilie wapi?"

"Nimesema mjinga!" Akatoka nje ya geti kumwita mwombaji mwingine.

Mhina akatia komeo kwa ndani.

"We! Fungua!"

"Nani wewe?"

"Mwenye nyumba!"

"Wezi wote husema hivyo."

"Si tumeongea sasa hivi?"

"Niliongea na tajiri. Wewe mbona unatoka jasho kama mchukuzi?"

Majirani wakatoka, na waombaji kazi nao wakasogea. Shekiondo akapiga geti mateke mpaka kiatu kikamvuka.

"Mjinga we! Tangu nizaliwe sijaona mjinga kama wewe!"

"Sijasikia vizuri, mzee. Ongeza sauti."

"Mjinga! Hujui lolote!"

Komeo likafunguka. Mhina akatoa kichwa, akawageukia watu.

"Jamani, mmemsikia wenyewe?"

"Tumemsikia!"

"Basi, mzee, uliyemtaka umempata. Rungu liko wapi?"

Watu waliangua kicheko. Shekiondo akaingia na kiatu kimoja, akaenda kulileta rungu.