Mshale Uliochelewa Angani

Hapo zamani, mpakani mwa mashariki ya nchi ya Bangala, huko Bara Hindi, palikuwa na liwali wa jeshi akiitwa Mukarram Khan. Alipenda mashairi kuliko chakula, na kusifiwa kuliko mashairi. Ilikuwa ada barazani kwake, majina yake ya sifa yakitajwa, watu wote husimama, ngoma ikapigwa, wakainama, ndipo wakaketi.

Basi siku moja akamwita Madhab, mtunzi wa mashairi, fukara asiye na kitu ila ulimi wake, akamwambia, "Nimesikia kuna kisa cha vita vya wafalme wa kale, ndugu kwa ndugu, nacho huimbwa mwezi mzima. Mimi ni askari, sina mwezi. Kitunge kwa lugha yetu, uniimbie kati ya macheo na machweo, asiachwe shujaa hata mmoja. Na kila ubeti uishie kwa majina yangu yote ya sifa. Ukishindwa, utawakatia majani tembo wangu mpaka ufe."

"Nimesikia na nimetii, bwana wangu," akasema Madhab. Akaenda zake akiwaza majani, maana aliwajua tembo wale kwa ulaji.

Siku ilipowadia, baraza likajaa tangu alfajiri. Madhab akaanza: shujaa akavuta upinde, akamlenga mfalme wa maadui, akauachia mshale. Hapo ubeti ukaisha, yakafuata majina: Simba wa Mashariki, Ngao ya Sultani, Mvuka Mito, Baba wa Tembo, na mengine tele. Watu wakasimama, ngoma ikalia, wakainama, wakaketi. Ubeti wa pili mshale ukapaa, wakasimama tena. Wa tatu ukapita juu ya bendera, wakasimama tena. Ikawa adhuhuri, wazee wa baraza wanashika viuno, mpiga ngoma mkono umemfa ganzi, na mshale ungali angani.

Liwali uvumilivu ukamwisha. "Ewe Madhab, mshale umempata mfalme au umemkosa?"

"Haujafika, bwana wangu."

"Mbona haufiki?"

"Kila ukitaka kushuka, huwakuta watu wamesimama kwa heshima yako, ukawapisha. Amri nimeitii kama ilivyotoka kinywani mwako. Ukipenda, nitaanza majani leo hii, ila mshale utabaki huko huko juu."

Liwali akawatazama wazee wake wanavyohema, akaona haya, kisha akacheka mpaka kilemba kikamteleza.

"Mwondoe Simba," akasema. "Ondoa Ngao, mwondoe na huyo Baba wa Tembo. Niite Mukarram, mara moja tu, kisa kikiisha. Siku chukua uzitakazo. Majani watakata wengine. Wewe tangu leo utakula sinia moja nami. Haya, ulete mshale."

Madhab akauteremsha. Ukampita mfalme sikioni, ukachoma mchanga.

Liwali akajipiga paja kwa uchungu. "Mpe shujaa mshale mwingine," akasema.

Madhab akampa.