Fisi na Keki Tatu za Mafuta Kidogo

Nitoe, nisitoe?

Toa!

Niitie sukari?

Itie!

Na mafuta?

Kidogo!

Haya, kidogo. Neno hilo limenichosha tangu nianze kusimulia ngano hii, na mkinichanganya leo nawaacha hapa hapa. Wewe wa nyuma, meza kwanza unachotafuna.

Hapo kale wanyama walianza kunywa kahawa. Kanga akafungua mkahawa, akafungua wa pili, akafungua na mwingine, mpaka kila njia panda ikawa na mkahawa wa Kanga. Nyani naye akafungua yake. Ngiri hakukubali kuachwa. Ukimkwepa mmoja unajikwaa kwa mwenzake. Na Fisi, na nguvu zake na uroho wake, alikuwa anapita kote akila keki bila kuomba. Akala, akanenepa. Akala, akanenepa. Siku moja akaingia pangoni kwake, kichwa kikapita, tumbo likagoma. Akanasa hapo mlangoni, mvua ikamnyea makalio.

Alipochomoka akaenda kwa Daktari Korongo. Korongo akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Kuanzia leo ni mafuta kidogo tu. Ukila mengi utanasa tena, na safari hiyo hutoki."

Fisi aliogopa kweli. Akaenda kwenye mikahawa, akakuta nako wamebandika vibao. Kwa Kanga, mafuta kidogo. Kwa Nyani, mafuta kidogo. Kwa Ngiri, mafuta kidogo. Akachukua keki moja kila mahali, akazipanga kwenye karatasi, akazikodolea macho. Ale ipi? Hajui. Mimi pia sijui, msiniulize.

Ndipo Kindi akapita, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Fisi akamkanyaga mkia, pu.

"Shikamoo mjomba," Kindi akasema.

"Marahaba. Niambie, keki ipi ina mafuta kidogo kuliko zote? Usipojua nakula wewe. Wewe huna mafuta hata chembe."

Kindi akatazama huku na huku. Mkia uko chini ya mguu, mti uko mbali. Akauliza tu, ili apate muda, "Kibao cha Kanga kinasema mafuta kidogo kuliko nini, mjomba?"

"Kuliko keki yake ya zamani."

"Na ya zamani ilikuwa na mafuta kiasi gani?"

Fisi akafikiri. "Mengi kuliko hii."

"Na ya Nyani?"

"Kidogo kuliko ya zamani ya Nyani."

"Sasa ya zamani ya Nyani na ya sasa ya Kanga, ipi imezidi?"

Fisi akaokota keki moja, akaigeuza, akaigeuza tena. Kichwa kikaanza kumzunguka. "Ngoja nionje mwenyewe."

"Onja, mjomba. Ila ukianza na yenye mafuta mengi, ndiyo yale yale ya mlangoni."

Fisi akairudisha keki chini haraka. "Onja wewe."

Kindi akaonja ya Kanga. Kwachu kwachu kwachu.

"Ina mafuta?"

"Kidogo."

"Kuliko nini?"

"Sijaonja nyingine bado."

Akaonja ya Nyani. Kwachu kwachu kwachu.

"Ina mafuta?"

"Kidogo, lakini sukari wameimwaga. Halafu keki yenyewe ni kubwa mara mbili ya ile. Kidogo ndani ya keki kubwa, mjomba, bado ni kidogo?"

"Mimi nitajuaje?" Fisi alikaribia kulia.

Kindi akaonja ya Ngiri, kwachu, tamu mno. Lakini ulimi ulikuwa umeshaisahau ya Kanga, ikabidi aanze upya. Kanga, kwachu. Nyani, kwachu. Ngiri, kwachu. Akarudi tena, na tena, mpaka yakabaki makombo, na makombo nayo akayaonja, maana kufikia hapo hata yeye alikuwa hajui tena anatafuta nini.

"Kwa hiyo ni ipi?" Fisi akauliza.

"Kusema kweli, mjomba, sijui."

Fisi akapanua kinywa. "Basi nakula wewe."

"Haya. Lakini mafuta ya zile keki yako wapi sasa hivi?"

Fisi akatazama karatasi. Akalitazama tumbo la Kindi, limetuna hivi. "Humo," akasema.

"Ukinila mimi, utakuwa umekula keki ngapi?"

"Tatu," Fisi akajibu polepole. "Pamoja na wewe."

"Na daktari alisemaje?"

Fisi akauinua mguu taratibu, akarudi nyuma hatua kwa hatua, asije akarukiwa na mafuta. Kindi akajikokota mpaka mtini, akapanda kwa shida, tumbo lake zito.

Siku hiyo Fisi hakula kitu. Akalala tumbo likimnguruma, nguru nguru, nguru nguru. Akaamka mwepesi, hajawahi kuwa mwepesi vile. Basi akafurahi, mjinga yule! Asubuhi Kindi akachungulia kutoka juu ya mti, akamkuta kasimama chini na keki nyingine tatu, anabembeleza.

"Mpwa wangu, zile za jana zimenifaa sana. Nionjee na hizi."

Ngano imeisha, makombo ni yenu. Na funzo lake mlishike vizuri: anayeipenda roho yake asiguse keki.