Kidonda cha Asali

Hodi, hodi, nimekuja na ngano!

*Tuwekee tuitafune!*

Ni ngano ngumu kidogo.

*Meno tunayo!*

Basi alikuwepo bibi mmoja huko Makete, kwenye baridi ya kung'ata masikio, jina lake Bibi Tusekile. Mumewe alikuwa amefariki, wanawe wametawanyika, na nyumba imebaki kimya. Siku moja binti yake akamletea kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na simbilisi watatu, vijinyama vya kufugwa visivyo na mkia, wadogo kama viazi vya mbegu, wote madume, wote wa tumbo moja.

"Mama," akasema binti, "hawa si kitoweo. Ni wa kukupigia kelele humu jikoni."

Bibi akawajengea kizimba cha mianzi pembeni mwa jiko. Akaweka hori moja la nyasi, kopo moja la maji, na mtungi mmoja uliovunjika shingo, akaulaza chini uwe nyumba yao. Akawapa majina. Mkubwa, mwekundu, mwenye kifua kipana, akamwita Rungu. Wa kati, aliyekuwa na mstari mweupe usoni kama uzi, akamwita Mshono. Wa mwisho, mdogo, mweusi tii, akamwita Kaniki.

Walipokuwa wachanga walilala ndani ya mtungi tumbo kwa mgongo, na Kaniki katikati yao. Baridi ya Makete hakuijua hata kidogo.

Wakakua. Na dume akikua, ndugu zangu, hata mwendo wake hubadilika. Rungu akaanza kutembea akiyumbisha matako, kifua kikinguruma: drrr, drrr, drrr. Akasimamisha manyoya. Akagonganisha meno: ka-ka-ka-ka!

"Nyasi ni za nani?"

"Za Rungu," wakajibu wadogo zake.

"Maji ni ya nani?"

"Ya Rungu."

"Mtungi ni wa nani?"

"Wa Rungu."

Akishakula akashiba, hulala juu ya nyasi zilizobaki. Akishakunywa, hukanyaga kopo likamwagika. Na kwenye mtungi alijilaza mlangoni, kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja tu; aliyemo hatoki, aliye nje haingii.

Siku moja Mshono akauliza, kwa sauti ya chini, "Kaka, na sisi je?"

Kra! Rungu akamrukia shingoni. Wiii! Wiii! Mshono akalia mpaka Bibi Tusekile akageuka pale mekoni. Akawatazama, akatabasamu.

"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," akasema. Akachukua jembe kweli, akaenda kwenye viazi vyake.

Kidonda cha Mshono kilikuwa kidogo kama tundu la sindano. Kesho yake kikafunga. Siku ya tatu shingo ikavimba. Siku ya tano Mshono akaacha kula, akakaa amejikunyata huku manyoya yamesimama, na Kaniki akamletea jani moja moja alilomwibia Rungu, akaliweka mbele yake. Majani yakarundikana pale, hayakuguswa. Asubuhi ya siku ya sita Bibi alimkuta Kaniki amejibana ubavuni mwa kaka yake, naye kaka yake ni wa baridi.

Bibi alilia. Akamzika nyuma ya jiko, kisha akaenda kwa jirani yake Lutengano, mtu aliyejua mifugo.

"Jino la mnyama ni chafu, Bibi," akasema Lutengano. "Kidonda chake hufunga juu kikaoza chini. Akiumwa mwingine, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Paka asali. Mtenge mpaka apone."

"Akipona?"

"Mrudishe kwa mwenzake. Si ndugu hao?"

Basi ikawa hivyo. Kaniki akaumwa mgongoni. Bibi akamtoa, akamwosha kwa chumvi, akampaka asali, akamweka kwenye kikapu karibu na moto, akampa kabichi na majani ya karoti. Akapona, akarudishwa. Kaniki akaumwa pajani. Bibi akamtoa, akamwosha, akampaka asali, akamweka kikapuni, akampa kabichi. Akapona, akarudishwa. Kaniki akapasuliwa sikio. Bibi akamtoa, akamwosha, akampaka asali.

Safari hii ya tatu Kaniki alilala kikapuni bila kuigusa kabichi. Alikuwa amehesabu. Kwanza mgongo, kisha paja, kisha sikio. Kutoka sikioni hadi shingoni si mbali. Na kila alipofumba macho aliyaona yale majani yaliyorundikana mbele ya Mshono.

"Nguvu sina," akajiambia. "Mlango wa kutokea sina. Nina nini basi?" Akawaza, akawaza. Mwishowe akajipangusa sikio kwa unyayo, akalamba asali kidogo, akaona kwamba anacho kitu.

Kikapu kilikuwa kimeegemea kizimba. Upande wa pili wa mianzi pua ya Rungu ilikuwa inachezacheza: nfs, nfs, nfs.

"We Kaniki! Kinanukia nini huko?"

"Shikamoo, kaka mkubwa. Ni kabichi."

"Na hicho kingine?"

"Ni asali, kaka."

Rungu akasukuma pua kati ya mianzi. Maisha yake yote alikuwa na nyasi zote na maji yote, lakini asali hakuwahi kuipata. "Kwa nini unapewa wewe?"

"Kwa sababu nina kidonda. Mwenye kidonda hupewa kabichi. Mwenye kidonda hupewa karoti. Mwenye kidonda hulala kando ya moto, akapakwa asali."

Hakusema uongo hata neno moja. Alichokisahau ni chumvi tu.

Rungu akazunguka kizimba mara tatu, drrr, drrr, drrr. Akarudi. "Kwa hiyo mimi, mwenye kila kitu humu, ndiye nisiye na asali?"

"Ndivyo ilivyo, kaka. Huna kidonda. Na ni nani wa kukuuma wewe?"

"Utaniuma wewe!"

"Mimi? Sithubutu, kaka mkubwa."

"Nakwambia utaniuma!"

"Mkono wa mdogo haupandi juu ya mkubwa, kaka."

"Nakuamuru!"

Kaniki akainamisha kichwa. "Kama ni amri, basi. Unataka kidonda cha wapi?"

"Kidonda kipi kina faida zaidi?"

"Sijui, kaka. Changu mimi ni cha sikioni, na asali ya sikioni huilambi ukaimaliza. Ya mgongoni hata huifikii. Labda ya mdomoni..."

"Mdomoni!" akafoka Rungu, mate yakimtoka. "Ya mdomoni nitailamba yote!"

Siku ya nne sikio likapona, Bibi akamrudisha Kaniki kizimbani. Alisogea hatua moja moja. Lakini Rungu hakunguruma. Alikuwa amesimama katikati, macho ameyafumba, mdomo ameutanguliza.

"Fanya upesi," akasema.

Kaniki alikuwa amekusudia kumdonoa kidogo tu. Lakini alipomkaribia aliiona ile sehemu ya mtungi alipolala Mshono. Akauma. Kra! Akauma kwa ajili ya mgongo, kwa ajili ya paja, kwa ajili ya sikio, na meno yalipokutana akauma mara nyingine kwa ajili ya aliyeko nyuma ya jiko. Mdomo wa juu wa Rungu ukachanika hadi kwenye fizi.

Wiiiii!

Bibi Tusekile akaja mbio, akamnyakua Rungu aliyekuwa ametapakaa damu. Akaleta bakuli. Rungu akalitazama lile bakuli kwa hamu, akijua asali imefika. Ikafika chumvi. Alipiga kelele hata kuku wa Lutengano wakaacha kudonoa.

Ndipo asali ikapakwa. Ndipo kabichi ikaletwa, na majani ya karoti, akawekwa kikapuni kando ya moto. Lakini mdomo ulikuwa umevimba kama kiazi. Akijaribu kulamba, uchungu. Akijaribu kutafuna, uchungu. Rungu akakaa mbele ya kabichi nzima, asali ikimdondoka kidevuni, akashindwa.

Siku ya kwanza Kaniki alikula. Alikula nyasi upande huu wa hori, akahamia upande ule. Akanywa maji bila kugeuka nyuma. Akaingia ndani ya mtungi, akatoka, akaingia tena, kwa kupenda tu.

Siku ya pili alikula kidogo.

Siku ya tatu alisogea kwenye mianzi akachungulia. Rungu alikuwa amejikunyata, manyoya yamesimama. Mbele yake majani yamerundikana. Kaniki alilijua lile rundo.

Lutengano akaja, akatazama, akatikisa kichwa. "Kumbe kale keusi ndiko kakorofi. Bibi, katie kwenye sufuria yaishe."

Bibi akamtoa Kaniki, akamshika kwa mikono miwili. Kaniki aliusikia moyo wake mwenyewe: du-du-du-du. Bibi hakwenda kwenye sufuria. Aliketi kigodani, akaanza kuyapapasa manyoya meusi kwa kidole. Kovu la mgongoni. La pajani. La sikioni. Na mengine madogo ambayo hakuwahi kuyaona, chini ya tumbo, nyuma ya shingo.

"Lutengano," akasema, "huyu ana makovu saba. Yule ana moja."

"Ndiyo, lakini lile moja ni kubwa."

"Ni kubwa kwa sababu ni la mkubwa." Bibi akalipapasa tena lile sikio. "Mdogo alipoumia nilipaka asali nikamrudisha kulekule. Mkubwa alipoumia ndipo naambiwa kuna ukorofi. Hawa hawana ubaya. Kizimba changu ndicho kidogo. Niliweka hori moja nikasema wao ni ndugu."

Siku ileile akakata mianzi, akajenga ukuta katikati ya kizimba. Akaweka hori la pili na kopo la pili. Akatafuta mtungi wa pili, na yote miwili akaitoboa nyuma ili kila mmoja uwe na milango miwili. Kisha akasaga kabichi, akaichanganya na maji, akamlisha Rungu kwa kijiko, tone kwa tone, siku tisa. Rungu akaishi. Lakini alikonda, na meno yake ya mbele yakaota upande.

Aliporudishwa upande wake, alikuja polepole mpaka ukutani.

"Ulinidanganya, Kaniki."

"Neno gani lilikuwa la uongo, kaka?"

Rungu akafikiri. "Hukuniambia habari ya chumvi."

"Na wewe hukumwuliza Mshono kama anataka kidonda."

Rungu akageuza uso kuutazama mtungi wake. Kisha akasema, kwa mdomo wake uliopinda, "Mshono alikuwa akilala upande wako wa pili. Ule wa kushoto."

"Najua," akasema Kaniki.

Baridi ya Makete ikaanza kuteremka mlimani. Kaniki alikuwa na mtungi mzima peke yake, na milango miwili, na upepo ukipita katikati. Akatoka akajilaza kando ya ukuta. Baada ya muda akasikia kitu kizito kinajilaza upande wa pili. Joto kidogo likapenya kwenye mianzi, si jingi, likamfika mgongoni. Wala ukuta ule haukuondolewa kamwe, na hakuna aliyeumwa tena.

Ngano yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aiokote, asiyeitaka aipishe njia.

Na funzo lake ni hili: waheshimuni wakubwa zenu, watoto wangu. Mkubwa akikuamuru jambo, usibishane naye sana. Kaniki alibisha mara mbili tu, ya tatu akatii, na mmeona wenyewe jinsi utii ulivyomletea hori lake.