Mayai Waliyosahau Kupima

Paukwa!… Pakawa gani hiyo ya kulegea? Unabisha na sijaanza! Kaa. Na wewe mtu mzima huko nyuma, acha kuguna. Yalitokea.

Hapo kale, kanga kumi na wawili walitagia kwenye nyasi. Shimoni jirani waliishi nguchiro wadogo, yatima. Hawakufundishwa kuwinda, basi waliiba mayai. Nyatu, nyatu, hap! Leo moja, kesho mawili. Kanga wakaajiri mlinzi. Nani? Kenge! Mshahara, mayai kumi kila mwezi. Haya, cheka sasa.

Msimu mzima uliopita, kanga mmoja, Mama Madoa, hakupata hata kifaranga mmoja. Sasa ametaga saba. Akakimbilia barazani kwa mkuu wa kanga, mbawa puru, puru!

"Mzee Kishungi, tuwalishe wale watoto! Kila mama yai moja kwa mwezi, huku jirani yetu Muhanga anawafundisha kuchimba mchwa. Yeye anataka tumdonoe kupe tu."

"Tuwalishe wezi?" Kishungi akafoka. "Mama, jua limekupiga?"

"Tupime!"

Wakalaza mti juu ya kisiki, kapu huku, kapu huku. Yai moja, kokoto moja. Kumi za Kenge. Kumi na mbili za watoto. Ngwii! Kapu la watoto likazama.

"Mnaona?" Kenge akalamba midomo. "Mimi rahisi."

"Bado!" Mama Madoa akapiga kelele. "Na mayai yaliyoibwa mwezi huu, wewe mlinzi upo, yako kapu gani?"



Kumbe walikuwa wamehesabu wanachotoa tu. Wanachoibiwa, wala! Kila mama akaleta kokoto za kiota chake. Mbili! Tatu! Mpaka ishirini. Zote kapu la Kenge. Ngwii… PU! Kapu likabamiza chini, kokoto za watoto zikaruka, moja ikamgonga Kishungi utosini.

"Basi, basi! Walishwe!"

Muhanga akafundisha. Chimba, chimba, lamba! Kenge akaondoka anatukana.

Na yale saba? Moja Mama Madoa alilitoa. Moja liliibwa na nguchiro mmoja; mkaidi hakosekani. Matano yakaanguliwa: pi, pi, pi, pi, pi! Watano! Msimu uliopita, hata mmoja!

Funzo ni hili: kabla hujasema kumlea mtoto wa jirani ni ghali, weka kwenye mizani na vile atakavyokuibia akikua hivyo hivyo. Hadithi yangu nimeifikisha. Natoka, nafunga mlango. Bisha na ukuta.