Bangili ya Mchuzi wa Ukwaju

Ndugu zangu, sisi tukisikia chakula cha Kihindi tunadhani kinatoka sufuria moja. Wapi! Kule ukivuka jimbo tu, ulimi wako unakuwa mgeni. Kulikuwa na binti wa Kerala, kusini kabisa, ambako dengu hutiwa ukwaju mpaka meno yanasisimka. Akaolewa Gujarat, kwenye nyumba ambayo dengu bila sukari guru ni dawa, si chakula.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Bibi harusi hupika mara ya kwanza, wakwe wakila wakaridhika, mama mkwe humvisha bangili. Hapo ndipo anakuwa mtoto wa nyumba. Asipovishwa atabaki mgeni, hata azae mpaka azeeke.

Basi binti akapika kama alivyofunzwa na mama yake, akaenda kubadili nguo. Huku nyuma mama mkwe akaonja. Maskini, akadhani mtoto amesahau sukari! Akaogopa aibu mbele ya wageni, akatia donge zima, akakoroga, akafunika.

Wageni wakaonja, wakasifu. Mama mkwe akasimama na bangili. Lakini binti naye alikuwa ameshaonja. Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Semeni kweli. Mngenyoosha mkono.

Yeye akauficha mkono ndani ya sari. "Mama, bangili ni ya aliyepika mchuzi huu. Ivae wewe."

Mama mkwe akaumia. "Mwanangu, nimekusitiri, ndiyo unanilipa hivi?"

"Sikusahau sukari, mama. Sikuitia. Kama mnanitaka mimi, nisubirini nipike tena."

Wakasukuma sahani kando, wakasubiri, matumbo yakinguruma. Mama mkwe akaonja, akakunja uso, machozi yakamtoka kwa ule uchachu. Akameza. Kisha akauvuta ule mkono, akauvisha.

"Mchuzi wako siupendi," akasema. "Lakini sasa nimekujua."

Sisi je? Humu ndani wangapi tumevaa bangili za mchuzi tusioupika? Wamekicheka kilugha cha kwenu, ukakiacha. Kazini wamekuambia tia uongo kidogo, ukatia, wakakupigia makofi. Unasifiwa, na moyoni unajua hawajakuonja hata siku moja. Mimi nakuambia leo, ficha mkono. Acha wakae na njaa kwanza.

Na wewe uliyeshika sukari, mbona unacheka? Toka jikoni kwa mwenzio.