Jini Barkashi na Makapu Mia Nane ya Chokaa

Siku ya Jumanne, tarehe tisa ya Mfunguo Nne, saa mbili na robo asubuhi, katika mwaka wa kumi na saba wa utawala wa Sultani Ghanimu bin Athmani, mwenye mji wa Nuhasi, mji wa milango minne ya shaba na misikiti kumi na mmoja na ukuta mrefu wa mawe, ardhi ilitikisika mara tatu, na tikiso la tatu likauangusha ukuta wa magharibi, na mawe yake yakasagika kama unga, na pakabaki pengo la pima mia moja kamili. Hakufa mtu, na watu wakamshukuru Mola wao. Lakini kabla ya adhuhuri aliingia mpelelezi juu ya farasi aliyetokwa povu, akaanguka mbele ya Sultani, akaeleza kwamba Mfalme Jabari wa nyanda za juu ameshaondoka kwake na askari elfu thelathini, na kwamba alfajiri ya Jumapili, tarehe ishirini na moja, atakuwa mbele ya Nuhasi.

Sultani akamwita Fundi Mkuu Ngwali, mkubwa wa waashi, akamuuliza pengo lile lataka nini. Ngwali akajibu kuwa lataka mawe elfu sita na makapu elfu moja ya chokaa. Na watu wote wa kazi mjini, waume kwa wake, wakijitia machimboni watakata mawe sitini kwa siku, au wakijitia tanuuni watachoma makapu mia ya chokaa kwa siku. Siku za kazi zilizobaki zilikuwa kumi na moja. Sultani alipiga hesabu kwa vidole, na vidole vikamwisha, na uso wake ukabadilika.

Ndipo akakumbuka pete ya babu yake. Akaisugua, na moshi wa rangi ya zambarau ukapanda mpaka kwenye boriti, na ndani ya moshi akasimama jini mrefu kama mnara, mwenye macho mawili ya kaharabu na sauti kama jiwe la kusagia, akasema jina lake ni Barkashi na kwamba yeye ni mtumwa wa pete, tangu jua kuchomoza hadi jua kuzama na wala si zaidi. Kuaka ukuta, yaani kuujenga kwa mawe, hawezi, kwa kuwa ukuta ulioakwa na jini huondoka pamoja naye. Lakini aweza kukata mawe mia sita kwa siku kwa kucha zake, au kuchoma makapu mia mbili ya chokaa kwa pumzi zake.

Sasa, watu wa Nuhasi walikuwa na desturi waliyoiita mkono bora. Kila kazi hupewa yule aiwezaye kuliko wote, na wengine hukaa kando wakatazama, na kumsogelea mwenye mkono bora ili kumsaidia ilikuwa utovu wa adabu. Walijivunia sana desturi hiyo, na waliwacheka watu wa miji mingine kwa kukosa mpango. Kwa hiyo Ngwali alisema mbele ya baraza, bila kusita, kuwa jini ni bora mara kumi kwa mawe na ni bora mara mbili kwa chokaa, basi apewe mawe na apewe chokaa, nusu ya siku huku na nusu ya siku kule, na watu waende majumbani. Mpiga mbiu akapita na pembe, na waashi ishirini tu ndio waliobaki penye pengo, na wengine wote wakaenda kulala, wakimwombea jini maisha marefu.

Jumatano jini akafanya kazi, na Alhamisi akafanya kazi, na watu wakapanda juu ya madari kumtazama anavyolimega jabali kama halua.

Mtu mmoja hakupanda darini. Huyo alikuwa Somoe binti Vuai, msichana wa miaka ishirini na miwili, mpimaji wa chokaa penye matanuu kama marehemu baba yake, ambaye alimfundisha hesabu tangu hajajua kusuka nywele. Somoe alikuwa na ila moja, ambayo mashoga zake walimtania kwayo: hakuweza kuliamini jambo lililohesabiwa na mtu mwingine mpaka alihesabu mwenyewe, na akishalihesabu hulihesabu tena. Alhamisi baada ya alasiri alikwenda machimboni akahesabu mawe mia sita ya siku mbili, akaenda tanuuni akahesabu makapu mia mbili ya siku mbili, akakaa chini akaandika kwa kijiti mchangani. Akafuta. Akaandika tena. Mara ya tatu akakitupa kijiti, kwa kuwa jibu lilikuwa lile lile: kwa mwendo ule jini atamaliza kwa siku kumi na tano, na hata akizigawa siku zake vizuri kabisa, alfajiri ya Jumapili zitabaki pima ishirini na saba wazi, na hizo zapitisha farasi thelathini kwa safu moja.

Akajifunga shela yake, akaenda barazani na chokaa miguuni, na walinzi walipomzuia akawaambia watafute wao hizo siku nne zilizopungua, au wampishe. Wakampisha.

Sultani alimsikiliza, na baraza zima likaingiwa na baridi. Wazee, ili wasionekane wamelala, wakasema kwa pamoja kuwa basi desturi na ivunjwe, na wao na watu wote waende machimboni kumsaidia jini kukata mawe, kwa kuwa kukata mawe ni kazi ya heshima. Somoe akawaomba radhi, akawaambia kwamba mawe yao ya siku tisa zilizobaki ni mia tano na arobaini, nayo jini huyakata bila kutimiza siku moja. Na yeye akiwa bado ana chokaa ya kuchoma siku nne, mawe yatapungua elfu moja mia nane na sitini. Watu na waende tanuuni, wote. Jini asiliguse tanuu tena.

Ngwali alicheka kwa hasira. "Yaani jini awe mkata mawe, na sisi waungwana tuwe weusi kama masufuria?"

"Weupe, baba fundi," Somoe akasema. "Chokaa ni nyeupe."

Sultani akasugua pete, na Barkashi akatokea, na alipoambiwa shauri lile macho yake ya kaharabu yakawaka, akainama hata uso wake ukawa mkabala na uso wa Somoe.

"Wewe binti, wajua ya kuwa mimi huchoma makapu mia mbili, hali mji wenu mzima huchoma mia?"

"Najua, bwana wangu. Nimeyapima mwenyewe."

"Basi nani bora?"

"Wewe ni bora kwa mawe, na ni bora kwa chokaa, wala sikuja kukupunguzia sifa. Nimekuja na swali. Kila uchomapo kapu moja la chokaa, ni mawe mangapi umeacha kuyakata?"

Jini akahesabu kwa kucha zake. Hakuna aliyepata kumuuliza juu ya kazi asiyoifanya.

"Matatu," akasema.

"Nasi tukichoma kapu moja tumeacha jiwe moja lisilotimia, kidogo tu kupita nusu yake. Chokaa yako ni nzuri, bwana wangu, lakini ni ghali. Mji huu hauwezi kuinunua."

Barkashi akanyooka hata kilemba chake cha moshi kikagusa dari. Akasema kuwa sheria ya majini yamlazimu kutii pete, lakini sheria hiyo hiyo yasema: mtu atakayeigawa kazi aliyokwisha kupewa jini, na kazi hiyo isitimie kwa wakati wake, jini huwa huru na mtu huyo huwa wake. Jua la Jumamosi likizama na pengo likiwa lapitisha hata paka, atamchukua Somoe nyuma ya mlima Kafu, kwenye makao ya majini, na Nuhasi na ijitazame yenyewe mbele ya Jabari. Sultani akamtazama yule msichana na kumwambia kwa upole kuwa hakuna wa kumlazimisha. Somoe alitamani kuomba akahesabu mara ya nne. Badala yake akasema amekubali, kwa sauti ndogo, na akaombwa aseme tena kwa sababu mwandishi hakusikia.

Ijumaa kulipokucha watu mia mbili wakashuka matanuuni, na wengine walinuna na wengine walitaka kujua ni nani aliyewaamsha. Wakapanga magogo na matumbawe, wakawasha, wakakoga jivu, na Somoe akapima kapu baada ya kapu, na jua lilipozama yalikuwa mia moja. Jini naye, kwa mara ya kwanza bila kukatizwa, alikata mawe mia sita. Jumamosi vivyo hivyo. Jumapili vivyo hivyo. Hesabu ya jini ilikuwa kama uzi uliovutwa: siku tisa, mawe elfu tano na mia nne, pasipo hata saa moja ya ziada. Hesabu ya watu ilikuwa siku nane, na siku moja tu ilikuwa ya kupoteza.

Ikapotea Jumatatu. Saa nne asubuhi mvua isiyo ya majira yake ilipiga matanuu, na moto ukazima, na chokaa iliyoiva nusu ikapasuka na kufuka mvuke, na halikupatikana hata kapu moja. Watu wakaketi matopeni. Ngwali alipita akasema, bila ubaya, kuwa angalimwoza mwanawe kwa Somoe kama angalikuwa na hakika ya kumwona bibi arusi wiki ijayo.

Miongoni mwa waliokuwa matopeni alikuwapo Idarusi, mpwa wa Sultani, kijana mwenye moyo mwema na mikono isiyofaa. Alikuwa amejaribu kupanga magogo yakaanguka, na kubeba makapu yakamwagika. Akamwendea Somoe akamwambia waziwazi kuwa katika kazi zote za mahali pale yeye ni wa mwisho, na ingekuwa afadhali arudi nyumbani asizuie watu.

"Kuni zikilowa, nani anazianika?" Somoe akamuuliza.

"Yule mama Bishara, mchoma chokaa. Ananishinda hata kwa hilo."

"Bishara akianika kuni, makapu kumi na mawili hayachomwi. Wewe ukianika kuni, hakiharibiki kitu."

Idarusi akauliza, "Hilo ni tusi au ni sifa?"

"Ni kazi," akasema Somoe. "Anza na zile za chini."

Akaanika kuni siku nzima juu ya mabati ya shaba yaliyopashwa moto jikoni kwa Sultani, akaungua vidole viwili, na Jumanne moto ukawaka. Na tangu siku hiyo Somoe hakula kitu kigumu, kwa kuwa sasa pande zote mbili hazikuwa na nafasi hata ya kukohoa. Alihesabu akiwa anatembea. Jumatano mia. Alhamisi mia. Ijumaa tanuu moja lilipata ufa, na wanawake wakauziba kwa udongo na viganja vyao, na ikawa mia. Jumamosi, saa kumi na moja na nusu jioni, likapimwa kapu la mia nane, na wakati ule ule jini akatupa jiwe la mwisho miguuni mwa waashi, na waashi wakaliweka, na mwiko ukalamba kiungo, na jua likagusa mti wa mwisho wa upeo.

Barkashi akaanza kuutembea ukuta. Alipitisha kidole juu ya kila pima akitafuta tundu, na Somoe akamfuata nyuma kwa sababu kusimama kulimshinda. Pima ya tisini jini akasimama, akaendelea. Pima ya tisini na tisa akasimama kwa muda mrefu. Akafika ya mia, akabonyeza, na kidole kikanata kwenye chokaa mbichi.

"Haujakauka," akasema.

"Sharti lilikuwa pengo," Somoe akajibu, na midomo yake ilikuwa mikavu kuliko ukuta.

Jini akakitazama kidole chake cheupe, kisha akainamisha kichwa kama wainamishavyo mbele ya wafalme, akarudi ndani ya pete.

Alfajiri ya Jumapili Mfalme Jabari alifika, akaukuta ukuta mzima, mweupe, usio na pengo. Angaliagiza watu mia wausukume kwa mabega ungaliwalalia. Hakujua. Saa tatu nzima alisimama juu ya farasi wake akiutazama, na watu wa Nuhasi walisimama nyuma ya ukuta bila kuthubutu kupiga chafya, kisha akaamrisha wapelelezi wake, waliomletea habari ya pengo, wapigwe kwa uwongo wao, akageuza majeshi akaenda zake, na hakuonekana tena katika nchi ile.

Sultani alimpa Somoe nyumba ya ghorofa tatu na sanduku la lulu, na akamfanya mgawaji wa kazi zote za mji, na desturi ya mkono bora ikafutwa kwa mbiu. Tangu hapo mtu wa Nuhasi hakuulizwa tena kama yeye ni bora kuliko mwenziwe. Aliulizwa anapofanya hili, ni lipi linabaki bila kufanywa. Na kwa swali hilo waligundua kwamba mjini mwao hapakuwa na mtu asiyefaa, hata mmoja. Na Idarusi alipomtuma mshenga, Somoe alifikiri siku mbili, akakubali, na harusi ikafanywa ya siku saba, na watu wakala wakasaza.

Asubuhi iliyofuata harusi, Somoe aliamka na hina mikononi, akamkuta mumewe jikoni amekwishaimwaga kahawa mara moja na anaichemsha mara ya pili. Aliionja. Ilikuwa chungu na ina mashapo, na yeye mwenyewe angaliipika vizuri zaidi mara tano, na alitaka kumwambia hivyo. Badala yake akainywa yote hadi chini, akamrudishia kikombe, akavaa viatu vyake vya kazi, akashuka matanuuni kupima chokaa.