Mluzi wa Jabali Dogo

Wajukuu zangu, paukwa.

Pakawa.

Pakawa mawe yenye masikio. Basi na ninyi tegeni yenu, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzio.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, pimbi wote waliishi Jabali Kuu. Pimbi mnawajua, wale wanyama wadogo wa maweni, wanene, mkia hawana. Wana desturi yao. Wakishuka kula majani, mmoja hali. Hukaa juu ya jiwe akaangalia mbingu. Akimwona tai hupiga mluzi, fyuuu, na wote hutumbukia mapangoni.

Majani ya Jabali Kuu yakawa haba. Baadhi yao wakavuka mbuga, wakahamia Jabali Dogo, mbali kule. Walipoaga, Sultani Kitambi akawaambia, "Nendeni, wanangu. Lakini mluzi ni wangu. Asipige mtu mpaka nipige mimi kwanza."

Wakaitika, "Ndiyo, baba." Mtoto anayeaga atasemaje?

Basi wakawa wanakula roho mkononi. Mlinzi anamwona tai, anageukia Jabali Kuu, anatega sikio. Kimya. Mluzi ukija kufika, tai keshaondoka na mtu.

Tai akamchukua mjukuu wa Mzee Chubwi. Wakatuma mjumbe. Sultani akasema, "Subirini, nitapiga kwa nguvu zaidi."

Tai akarudi, akamchukua mume wa Bi Mashavu. Wakatuma mjumbe. Sultani akasema, "Nimewazaa mimi, leo mnifundishe kupiga mluzi?"

Mara ya tatu mlinzi alikuwa Bi Mashavu mwenyewe. Akaona kivuli kinateleza juu ya majani, kinamfuata mwanawe Tabu, naye Tabu anatafuna, hana habari. Bi Mashavu akatazama Jabali Kuu. Kimya. Kivuli kikafika miguuni mwa mtoto.

Fyuuu.

Wote wakatumbukia. Tai akaambulia nyasi.

Lakini huko Jabali Kuu walisikia. Sultani akamtuma Jemadari Meno na askari wake. Na huyo Meno, wanangu, alikuwa mtoto wa kaka yake Bi Mashavu.

"Shangazi, toka," akaita kutoka chini. "Sultani anakutaka. Ukitoka, wengine hatuwagusi."

Mle pangoni wakatazamana. Mzee Chubwi akanong'ona, "Mama, mtu mmoja ni nafuu. Sisi ni wachache."

"Nitoeni basi, mjomba," akasema Bi Mashavu. "Ila niambieni, kesho nani atakaa juu ya jiwe?"

Mzee Chubwi akamtazama Tabu, akamkumbuka mjukuu wake. Kisha akasogea taratibu, akaweka mwili wake mlangoni mwa pango.

"Hatoki," akasema.

Wakapigana. Waling'atana mpaka manyoya yakajaa maweni, ndugu kwa ndugu, huyu anamjua yule tangu kunyonya. Askari wakashindwa kuingia. Wakarudi nyuma, wakajipanga upya mbugani, mahali peupe, pasipo hata kijiwe.

Bi Mashavu akapanda juu ya jiwe awatazame. Hapo ndipo alipomwona tai. Na askari hawakuwa na mlinzi. Mlinzi wao ni Sultani, na Sultani yuko mbali.

Mzee Chubwi naye akaona. Akamshika mkono. "Nyamaza, mama. Atatumalizia kazi."

Bi Mashavu akawatazama wale waliokuja kumchukua.

"Nikinyamaza, mjomba, nitakuwa Kitambi."

Fyuuu.

Askari wakasita, wakageuza shingo kuelekea Jabali Kuu, maana ndivyo walivyofundishwa. Kimya. Tai anashuka. Jemadari Meno akawa wa kwanza kukimbia, na kwa kuwa mapango ya karibu yalikuwa ya Jabali Dogo, wakaingia humohumo, wakabanana na waliokuwa wakiwang'ata sasa hivi.

Meno akahema, akahema. Kisha akauliza, "Nani kapiga?"

"Mimi."

"Shangazi, unajua nimetumwa kukuchukua."

"Najua. Kaa kwanza, bado anazunguka."

Meno akakaa. Mwenyeji mmoja akasema, "Jemadari, mguu wako uko kinywani mwangu, na safari hii sikuuma mimi." Wakacheka kidogo, kicheko cha waoga.

Tai alipoondoka, askari walirudi kwao mikono mitupu. Sultani akawaka. "Mmekimbia mluzi usio wangu?"

"Tumekimbia, Sultani," akasema Meno. "Wako hatukuusikia."

Sultani akaamuru warudi vitani. Askari hakuinuka hata mmoja. Aliyekuponya kwa sauti yake humpigi tena kwa amri ya mwingine.

Hivyo Jabali Dogo likapata mluzi wake. Msidhani raha iliingia siku hiyo. Tai hakuhama. Bi Mashavu alibaki juu ya jiwe, hajala, shingo inamuuma, na hofu yote sasa ni yake, hana wa kumlaumu. Lakini chini yake Tabu alikuwa anakula.

Mafunzo yake ni haya: anayeiona hatari ndiye apige mbiu. Roho yako usiiweke kinywani mwa aliye mbali, hata kama ndiye aliyekuzaa.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, lambeni wote. Ikiwa chungu, niachieni bibi yenu nimeze.